Kisu cha Mtani

Mgeni anayeingia kwa mara ya kwanza sebuleni kwa Swalihu Mbaruku, pale Kikuyu, Dodoma, hutafuta kiti kilicho mbali na ukuta wa dirishani. Hapana wa kumlaumu. Ukuta huo umejaa visu kuanzia juu hadi usawa wa kiuno, kila kimoja na msumari wake, makali yametazama chini kwa adabu. Nasma, mke wa Swalihu, amezoea kuwatoa wageni wasiwasi.

"Kaeni tu," husema akiweka birika la chai mezani. "Hivyo havijamgusa mtu. Kinachokata humu ndani ni maneno ya mwenye navyo."

Kweli havijamgusa mtu, wala havijagusa hata kitunguu, ukiacha ile siku moja ambayo kisu cha jikoni kilipotea na Nasma akaazima cha ukutani. Swalihu alikinusa jioni akajua. Chakula alikila kidogo kidogo, kama mtu aliyelishwa mali yake mwenyewe. Yeye si mchinjaji, si mpishi, na hana ugomvi na mtu. Kuku wa sikukuu huchinjiwa na jirani. Kazi yake ni duka la vipuri vya baiskeli, minyororo, spoki na pedeli, na kwenye duka hilo ndiko ugonjwa wake ulikoanzia.

Mteja mmoja alisahau kisu juu ya kaunta. Swalihu alikitunza akimngoja mwenyewe arudi. Alikifuta vumbi, kesho yake akakifuta tena, na kila alipokifuta akaona jambo ambalo jana hakuliona: namna mpini ulivyofungwa kwa utumbo wa mbuzi uliokaushwa, namna mhunzi alivyouacha mgongo mnene ili kisu kisipinde. Mwenyewe hakurudi. Hata angerudi, nadhani asingepewa kwa urahisi. Wako wanaofuga njiwa, wako wanaopoteza sauti kwa ajili ya mpira. Swalihu Mungu alimpa visu.

Tangu hapo mtu wa kijijini hahudumiwi dukani kabla hajaulizwa kwao kuna mhunzi gani. Na si kila kisu kinachompendeza. Visu vya madukani, vile vinavyouzwa vimefungwa kwenye plastiki, havitazami hata kwa jicho la pili. Anachotaka ni kisu ambacho jina la aliyekifua linajulikana, na mfuaji mwenyewe hayupo tena wa kufua kingine. Ugumu uko hapo. Vitu hivyo haviletwi mnadani vikapangwa chini ya turubai. Viko kwenye paa la nyumba ya mtu, au kiunoni kwa mzee, na mwenye navyo hana habari kwamba ana kitu.

Kukipata kimoja huwa ni safari na maneno mengi. Kisu cha mrina asali, chenye ncha iliyopinda, alikifuata Chemba. Mwenye nacho alikubali kumpa kwa sharti kwamba wapande wote mtini, ajionee kazi yake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mtaka cha mzingani sharti apande. Swalihu alirudi Kikuyu na kisu mkononi na uso uliovimba kwa nyuki, hata Nasma alimtambua kwa sauti tu. Mara nyingine aliletewa kisu cha ngariba, chembamba, kizuri kupita maelezo, akakikataa palepale. Kisu kilichokwisha kunywa damu ya watu, alisema, hakikai sebuleni penye watoto wa jirani. Kwa hiyo tusiseme hana mipaka.

Basi ukuta ulijaa. Lakini katikati, mahali pa kuonekana kuliko pote, palikuwa na msumari mtupu.

Msumari huo ulikuwa na mwenyewe. Zamani, katika kijiji cha Gulwe huko Mpwapwa, pale reli inapopita, aliishi mhunzi aliyeitwa Luka. Wahunzi wengine walifua majembe yaliyokwisha. Luka alifua misumari mikubwa ya reli, ile iliyotupwa kila mataruma yalipobadilishwa, na chuma hicho kilimpa visu vilivyoshika makali mpaka watu wakasema vimelogwa. Kila kisu alikitia mpini wa mpingo na alama tatu ndogo mgongoni. Luka alikufa, na visu vyake navyo vikafa kimoja kimoja. Vilinolewa mpaka vikawa vyembamba kama jani la mtama, vikavunjika, vikatupwa. Swalihu alikuwa na viwili, kimoja hakina ncha, kingine kimevishwa mpini wa bomba la maji. Alivipenda kama unavyopenda wagonjwa. Kilichobaki kizima, na mpini wake wa asili na ala yake ya ngozi, alisikia kwamba kiko kwa mzee Sostenes, mtu wa gengi mstaafu, mmoja wa wale waliokuwa wakitembea na reli wakiitengeneza kila mvua ilipoila.

Alikwenda. Alipanda basi mpaka Mpwapwa, kisha bodaboda mpaka Gulwe, na sukari na betri za tochi mkobani. Sostenes alimpokea uwanjani, mzee mrefu mwenye mabega ya kubeba chuma. Baada ya salamu alimuuliza kabila.

"Wazee wangu walitoka Unyamwezi," Swalihu alijibu. "Walikuja na misafara, wakabaki Dodoma."

Sostenes alicheka mpaka mkewe, Angelina, akachungulia kutoka jikoni. Wagogo na Wanyamwezi ni watani, na utani huo ni wa tangu enzi za misafara yenyewe.

"Angelina, njoo umwone mpagazi," mzee aliita. "Babu zake walipita hapa na mizigo kichwani. Babu zangu wakawaambia, maji yapo, toeni hongo kwanza ndipo mnywe mpite. Leo mjukuu wao kaja kutaka kisu. Haya, mtani, hongo umeleta nini?"

"Sukari na betri."

"Hiyo inakufikisha mlangoni. Kisu siuzi."

Alikitoa hata hivyo, akikichomoa kwenye ala polepole, maana alikwisha kumtambua mtu wa kutesa. Swalihu aliziona zile alama tatu mgongoni, na mpingo uliong'aa kwa mafuta ya mikono. Mzee akaitisha nyama. Aliikata mbele ya mgeni, kisu kikipita kwenye viungo bila sauti, vipande vikianguka sawasawa kwenye sinia.

"Mwenye kisu ndiye mla nyama," Sostenes alisema akimsogezea. "Wewe nasikia una visu ukuta mzima. Mbona umekonda?"

Kisha akakifuta kwenye ngozi ya mbuzi, upande huu na upande ule, akakirudisha kwenye ala, akaitundika kwenye kulabu ya mlangoni. Sasa, mtu mzima hampi mwenzake kisu mkono kwa mkono, ugomvi hautakwisha. Anayetoa hukiweka chini, anayepokea hukiokota. Swalihu alikaa siku nzima akiingoja ile ishara, kile kisu kuwekwa chini mbele yake walau akishike. Sostenes hakukiweka.

Yakawa ndiyo maisha yao. Kila baada ya Idi, kila baada ya mavuno, Swalihu alifunga duka akaenda Gulwe kutoa hongo. Alipeleka sukari, akapeleka tairi la baiskeli ya mzee, akapeleka redio ndogo. Kila mara alikula nyama iliyokatwa kwa kisu kile, na kila mara kisu kilifutwa mara mbili kikarudi mlangoni. Nasma alimwambia kwamba nauli ya Gulwe ingeshamnunulia ng'ombe mzima na mchinjaji wake. Lakini hata yeye aliona kwamba mumewe alirudi kutoka huko na vichekesho vya kutosha wiki nzima, na mwanamume anayechekesha nyumbani si wa kumfungia mlango.

Mara moja tu Sostenes alikuja Kikuyu, alipokwenda mjini kutazamwa kifua. Alisimama mbele ya ukuta muda mrefu, mikono nyuma, kama askari anayekagua wenzake.

"Umewatia jela hawa," alisema. "Walikosa nini?"

Swalihu alicheka. Kidole cha mzee kikafika kwenye msumari wa katikati.

"Na hapa?"

"Hapo pa cha kwako, mtani."

"Basi nitakufa kwanza," alisema Sostenes, akakaa kunywa chai.

Akafa, ndiyo. Simu ilipigwa na binti yake, Jenifa, Swalihu akiwa dukani anapima spoki. "Baba hatunaye," alisema, na Swalihu akasema Mungu amrehemu, akasema atakuja, akasema pole kwa mama. Aliifunga simu akabaki amesimama. Ningependa kusema kwamba wazo la kwanza lilikuwa ni la rafiki. Lilikuwa ni la kulabu ya mlangoni.

Maana alijua, kama ajuavyo kila mtu wa bara, kwamba msibani mtani ana ruhusa ambayo mwingine angepigwa kwayo. Mtani huweza kulikalia jeneza, huweza kudai marehemu amemlaghai. Huweza pia kuchukua kitu cha marehemu, akakishikilia akikataa kukiachia mpaka ndugu wamkomboe kwa kuku au kwa lolote. Maziko yakishakwisha, wenye msiba huwaita watani mbele ya watu, kitu kimoja kimoja kikakombolewa, na watu wakapata kucheka siku ambayo hawana cha kuchekea. Ndiyo kazi ya mtani. Basini kuelekea Mpwapwa, Swalihu alijaribu kuomba dua ya marehemu, na mara tatu alijikuta anapanga maneno atakayoyasema akishika ala.

Alikuta uwanja umejaa. Mtani mmoja wa Kihehe alikwisha kukalia kigoda cha Sostenes, akiapa hataondoka mpaka aletewe jogoo. Mwingine alibeba jembe begani akizunguka nalo, akiuliza nani alimfundisha Mgogo kulima. Swalihu alimpa pole Angelina. Kisha akaenda moja kwa moja mlangoni, akaitungua ile ala, akajifunga kiunoni.

"Sikilizeni," alisema. "Huyu bwana amenitoza hongo miaka yote. Sukari yangu ameinywa, betri zangu amezimaliza, viatu vyangu vimekwisha kwa njia ya Gulwe. Leo nachukua changu."

Watu walicheka, hata Angelina, na machozi yangali mashavuni. Ilikuwa kazi nzuri ya utani. Mtu yeyote angesema Swalihu amempa heshima rafiki yake, na hapo ndipo ubaya wake ulipo, kwa kuwa yeye peke yake alijua hatanii.

Kaburini alitupa udongo kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa juu ya kisu. Waliporudi uwanjani, Ernest, mdogo wake marehemu, alianza kuwaita watani. Kigoda kikakombolewa. Swalihu alitazama kuku akipokewa, akatazama jembe likirudishwa, na jasho likamtoka. Watamletea kuku yeye naye. Atapokea kuku, ataitoa ala, itarudi kulabuni, na mlango ule hataupita tena bila Sostenes. Nyuma ya nyumba, gari dogo la mizigo lilikuwa linawachukua watu wa Mpwapwa. Dereva alipiga honi. Swalihu alijiambia kwamba Nasma yuko peke yake, kwamba basi la mwisho halisubiri, kwamba kama walitaka kukomboa wangeanza na yeye. Akapanda.

Kisu kikatundikwa sebuleni Kikuyu. Hayawi hayawi, yakawa. Swalihu alisimama mbele ya msumari wa katikati akingoja ile furaha aliyokuwa ameitengea mahali kwa miaka, na kwa kweli ilikuja, kidogo. Kisu kilikuwa kizuri kuliko alivyokumbuka.

Nasma aliingia akifuta mikono, akakiona.

"Wamekupa?"

"Nilikichukua. Utani."

"Wakaja kukukomboa?"

"Hawakuja."

"Uliwasubiri?"

Swalihu alirekebisha msumari ambao haukuwa na kasoro. Nasma alikaa kitini. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Mtani akichukua ili achekeshe watu, ni mtani," alisema. "Akichukua ili apate, baba, ana jina jingine."

Utani hauna kununa, lakini siku ile Swalihu alinuna, akalala amenuna. Asubuhi ukuta ulikuwa palepale. Wageni walikuja kama kawaida, na kama kawaida aliwaeleza visu vyake, nyuki wa Chemba wakiongezeka idadi kila simulizi. Akifika katikati alisema, "Hicho ni cha Gulwe," akapita upesi kwenye kinachofuata. Kisu alichokitafuta kuliko vyote kikawa ndicho kisicho na hadithi. Baadaye alianza kukaa kiti cha mlangoni, kile kilicho mbali na ukuta, ambacho miaka yote alikuwa akiwacheka wageni kwa kukikimbilia. Nasma aliona, akawa anamletea chai hukohuko. Wake wengine wangesema.

Mteja kutoka Mpwapwa ndiye aliyemletea habari kwamba Jumamosi kwa marehemu Sostenes wanamaliza matanga. Alikuja kununua mnyororo tu, hakujua anaongea na nani. Swalihu alimfungia mnyororo wake, akafunga duka, akaenda nyumbani akaitungua ala. Aliifunga kwenye taulo safi.

"Unakirudisha," alisema Nasma.

"Nakirudisha."

Akaenda jikoni, akarudi na mfuko. "Chukua na sukari. Usifike kwa watu na aibu tupu."

Gulwe ilikuwa na upepo siku hiyo, vumbi likitembea juu ya reli kuukuu. Watu walikuwa wamekaa kivulini kando ya nyumba, akina mama wanasonga ugali wa uwele, na mbuzi wawili walikwisha kuchinjwa na mzee Zaidi, mwenye duka karibu na stesheni, ili Mkristo na Mwislamu wale pamoja. Nyama ilikuwa juu ya mabati safi, mapande makubwa, haijakatwa. Swalihu alitambua sababu mara moja. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kukata nyama ya wageni isipokuwa Sostenes.

"Mbukwenyi," aliwasalimu kwa lugha yao, kama mzee alivyomfundisha. Waliitikia, lakini hakuna aliyemtania. Alikwenda mpaka mkekani alipokaa Ernest, na Angelina kando yake, akapiga goti. Alifungua taulo. Akaiweka ala chini, mbele yao.

"Mzee Ernest, mama Angelina. Nimekirudisha. Siku ile sikusubiri kukombolewa. Nilijua mkinikomboa sitakipata tena, nikakimbia. Sikuchukua kwa utani. Nilikitaka."

Mazungumzo ya jirani yalikatika. Mtu akikiri mbele za watu, kisu kimegusa mfupa, na wenye busara huangalia miguu yao. Ernest alimtazama shemeji yake. Aliyesema ni Angelina.

"Siku ile tulikuita," alisema. "Kigoda kilikwisha, jembe likaisha, ikawa zamu yako. Ernest akasimama akaita mtani wa kisu. Akaita tena. Watoto wakasema umepanda gari."

"Ni kweli, mama."

"Unajua alisimama kusema nini?"

Swalihu alitikisa kichwa.

"Sostenes alituambia akiwa kitandani. Alisema, 'Yule mpagazi wangu atachukua kisu. Msibani atakichukua, mtaona. Msimkomboe hata kwa yai. Mwambieni mbele ya watu kwamba hongo imekwisha, apite.'"

Upepo ulipeperusha pembe ya mkeka, Ernest akaikanyaga kwa kisigino. Swalihu alibaki amepiga goti. Kisu alichokiiba kilikuwa chake. Kilikuwa kimeandaliwa, kimetengewa maneno, na mtu alikwisha kusimama kuyasema, na yeye alikuwa ndani ya gari la watu wa Mpwapwa ameshika kiuno kwa mikono miwili. Aliona haya mpaka masikio yakawaka.

"Sasa mtani akikimbia hulipa faini," alisema Ernest, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na kicheko kwa mbali. "Hatukutozi kuku. Nyama ile pale. Kata."

"Mimi?"

"Una visu ukuta mzima. Kata."

Walimpa kigoda, kigoda chenyewe cha Sostenes. Angelina alikichomoa kisu kwenye ala akakiweka uchi juu ya bati, na Swalihu akakiokota. Alikwisha kukisafisha kisu kile, kukipaka mafuta, kukitazama kwa mwanga wa dirisha na kwa mwanga wa taa. Hakuwahi kukishika kama kinavyoshikwa kazini. Alichukua paja la mbuzi, akalikata mahali alipodhani ni kiungo, kikasimama kwenye mfupa. Akasogeza, kikasimama tena. Kipande cha kwanza kilitoka chembamba upande mmoja na kinene upande mwingine, na watu wakaanza kucheka, kwanza kwa adabu, kisha kwa moyo.

"Si hapo," alisema Angelina. "Tafuta kiungo kwa kidole, kisha pita."

"Mgogo angekuwa amemaliza na amelala," alisema mzee Zaidi kutoka kivulini.

"Mpagazi huyo," Ernest alimjibu. "Mpe abebe, usimpe akate."

Swalihu alicheka nao. Akatafuta kiungo kwa kidole kama alivyoambiwa, akaubana mpini vizuri zaidi, na kidole gumba chake kikaingia mahali. Kwenye mpingo, ubavuni, palikuwa na kishimo. Hakuna mhunzi aliyekitengeneza. Kilichimbwa na kidole gumba cha mtu aliyewakatia wageni nyama miaka nenda miaka rudi, na kilikuwa kipana kuliko kidole cha Swalihu. Wakati wote alipokuwa akikisoma kisu kile, alama na mgongo na makali, hakukiona kishimo hicho, kwa sababu hakionekani kwa macho. Sharti ukate.

Ndipo alipojua kwamba Sostenes amekufa. Alikuwa ameambiwa kwa simu, ametupa udongo, amekula wali wa msiba, na habari ile haikuwa imemfikia, kwa kuwa muda wote alikuwa anaangalia kulabu. Machozi yalianza kumtoka akiwa anakata. Hakuyafuta, mikono ilikuwa na nyama. Alilia kama mtoto, na aliendelea kukata, vipande vikitoka vibaya vibaya, na hakuna aliyemcheka tena wala aliyemwambia aache. Angelina alimsogezea paja la pili. Alikuwa akilia naye.

Alikata nyama yote. Walipokwisha kula, alikiosha kisu, akakifuta kwenye ngozi ya mbuzi upande huu na upande ule, akakitia kwenye ala na kumrudishia Angelina, akiiweka mkekani. Angelina aliiinua. Aliangaza macho kuhakikisha kwamba Ernest anaona na wazee wanaona. Kisha akainama, akaiweka ala chini mbele ya Swalihu, taratibu, kama kisu kinavyotolewa na mtu aliyeamua kukitoa.

"Hongo imekwisha," alisema. "Pita."

Swalihu aliiokota. Aliishika kitambo. Kisha alisimama, akaenda mpaka mlangoni, akaitundika kwenye kulabu yake.

"Si tumekupa?" aliuliza Ernest.

"Mmenipa, na nimepokea. Ni changu. Lakini nikikipeleka Kikuyu, nani atanifundisha kukata?"

Angelina alijifuta macho kwa ncha ya khanga. "Na sukari utaleta?"

"Mama, sukari ndiyo iliyonifikisha mlangoni."

Alirudi nyumbani mikono mitupu. Nasma alimtazama usoni, akaenda kupasha moto chai, na jioni hiyo Swalihu alikaa kiti chake cha zamani, chini ya visu. Msumari wa katikati ungali mtupu mpaka leo. Safari za Gulwe zinaendelea, baada ya Idi na baada ya mavuno, na wanasema sasa vipande vyake vinakaribia kufanana.

Wageni wenye macho huuliza mbona mahali pazuri kuliko pote pameachwa wazi. Swalihu huwaeleza basi habari za Luka mhunzi na misumari ya reli, alama tatu mgongoni, mpini wa mpingo, kila kitu, mpaka chai inapoa. Kisu hicho, huwaambia, kiko Gulwe kwa mtani wangu. Na mgeni akiuliza kama huyo mtani hawezi kukiuza, Swalihu hutabasamu akiutazama ule msumari.

"Nimembembeleza miaka mingi," husema. "Hataki."